Mikunazi inakatwa, na sie tunaokosha maiti tunahangaika

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mie si mwandishi na hapa naandika kwa simu, kwa iyo pakiwa na makosa ya herufi nisameheni, lakini hili jambo limenikaa moyoni tokea mwezi uliopita na kila nikilala linanirudia.

Mie nakosha maiti. Maiti wa kike, hapa Fuoni na mitaa ya jirani, mwaka wa 19 huu. Kazi hii niliipokea kwa mama yangu mkubwa, Allah amrehemu, ambae hata usiku wa mvua ukimgongea mlango alikuwa anaitika hodi ya kwanza. Alinifundisha mengi, ila la mwanzo kabisa, kabla hata hajaniruhusu kuingia ndani ya pazia, lilikuwa ni kwenda kuchuma majani ya mkunazi. Nilikuwa na miaka 20 na kitu, nikarudi na kitawi nimekivunja ovyo ovyo, akanirudisha. Akaniambia mwanangu chuma jani jani, usivunje tawi, kesho kutwa utakuja tena hapa hapa.

Sasa yaliyonitokea ni haya. Mwezi uliopita alifariki mama mmoja wa mtaani kwetu, baada ya magharibi, na mazishi yakapangwa asubuhi saa 4. Nikaitwa. Kama kawaida nikamwambia kijana mmoja pale, chukua vespa yako nenda nyuma ya msikiti ukachume majani ya mkunazi uyalete. Haikupita dakika 10 karudi mikono mitupu, ananambia bi mkubwa mkunazi haupo. Nikamwambia labda kiza hujauona, mana mti ule ulikuwa mkubwa, watu wazima wawili wakiukumbatia ndo mikono inakutana. Ananambia haupo, wamekata, pana zege.

Basi tukaanza kutafuta. Yule kijana akaenda Tomondo, akaambiwa ulikuwepo kwa fulani ila alipojenga ukuta aliukata, akaenda Kwarara, hola, akapanda mpaka Tunguu huko ndo akapata kwenye uwanja wa mtu, amegonga mlango saa 4 na nusu usiku watu washalala, wakamfungulia Allah awalipe kheri, akachuma kwa taa ya simu. Alivorudi yalikuwa hayajai hata makofi mawili, yenye vumbi na mengi yameliwa na wadudu. Shangazi wa marehemu akatoa paketi ya unga wa mkunazi uliosagwa, kuna mtu alimletea kutoka Dubai. Tukachanganya na yale majani kidogo, tukamkosha, alhamdulillah akasitirika.

Nataka nieleweke hapa, sisemi kwamba bila mkunazi maiti hakoshwi. Fardhi ni maji yaenee mwili mzima, mkunazi ni sunna, na pakikosekana watu hutumia hata sabuni na inatosha. Lakini hebu fikirini, Zanzibar hii, mtaa una misikiti kadhaa, na tunakaa usiku tunasubiri unga wa mkunazi kutoka Dubai?

Mti wenyewe pengine vijana hawaujui, kwa iyo niueleze. Jani lake ni la duara duara, juu kijani kinachong'ara, ukiligeuza nyuma ni jeupe kama limepakwa unga na lina manyoya laini, na mishipa 3 inaanzia pamoja pale kwenye kikonyo inakwenda mpaka mwisho. Miba yake iko miwili miwili, mmoja umenyooka na mwenzake umepinda kama ndoana, huo uliopinda ndo unaoshika buibui ulilovaa. Maua yake ni madogo mno, ya kijani inayoelekea manjano, yanakaa kwa makundi pale jani linapoota, na mtu anaweza kupita chini yake kila siku asijue kama mti umechanua mpaka asikie nyuki. Pale nyuma ya msikiti ukikaa kusubiri alasiri ulikuwa unawasikia juu kama mtu anasoma uradi kwa sauti ya chini. Ndugu zetu wenye asili ya Hadhramaut wanaijua asali ya mkunazi, kule Yemen ndo asali ya thamani kuliko zote, wanapelekeana kama zawadi. Na kunazi zenyewe nani hajala utotoni, tunarusha makubadhi juu zianguke, nyengine tamu nyengine kali mpaka unafumba jicho.

Sasa kwenye kukosha. Majani mabichi unayaosha vumbi, unayatwanga kwenye kinu mpaka yalainike na yaanze kuteleza, unayatia kwenye beseni la maji unayapiga kwa mkono, povu linapanda jeupe kama la sabuni, wataalamu wanasema ndani yake mna kitu kinaitwa saponini ndo kinachotoa povu hilo. Unachuja kwa kitambaa cheupe, mana vile vipande vikiingia kwenye nywele za maiti kuvitoa ni taabu. Povu unaliengua liwe la kichwa na nywele, maji yanayobaki ni ya mwili, unaanza kulia kisha kushoto. Baada ya maji ya mkunazi inakuja ya kuondoshea mkunazi, mwisho kabisa maji safi yaliyotiwa karafuu maiti kidogo. Mkono wa mkosha unajua tofauti, wallahi. Maji ya mkunazi yanateleza bila kuchubua, na maiti ngozi yake ni dhaifu, khasa mzee au aliyelala sana spitali, sabuni unaisugua usugue na kuisuuza tena na tena, mkunazi unapita wenyewe. Na ile harufu yake ya majani, si manukato, ni harufu ya kijani tu. Mie nikiisikia popote namkumbuka mama mkubwa.

Mambo haya hatujajitungia. Imepokewa kwa Ummu Atiyya, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba alipofariki binti yake Mtume (SAW), nae ni Bi Zainab, Mtume aliwaambia wanawake waliokuwa wanamkosha wamkoshe mara 3 au 5 au zaidi wakiona haja, kwa maji na mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri, ambayo sie huku tunaiita karafuu maiti. Na kuna yule mtu aliyeanguka kwenye mnyama wake pale Arafa akiwa kwenye ihramu akafa, Mtume akasema mkosheni kwa maji na mkunazi, mkafini kwa nguo zake mbili. Hata aliyesilimu, Qays bin Asim, aliamrishwa akoge kwa maji na mkunazi. Yaani mti ule ule unampokea mtu anaingia kwenye dini na unamsindikiza anapotoka duniani.

Halafu tuangalie Qur'an. Mkunazi umetajwa katika sura 3. Kwenye sura inayoitwa Saba, watu wale waliokuwa na mabustani mawili wakakufuru neema, mabustani yao yakageuzwa wakabakiwa na matunda machungu na mivinje na mikunazi kidogo. Kwenye Waqia watu wa kuliani wako kwenye mikunazi isiyo na miba, na mwenye kuijua ile ndoana ya mkunazi ndo anaelewa hapo pana neema gani. Na kwenye Najm ndo Sidratul Muntaha, Mkunazi wa mwisho. Kila mwaka mwezi 27 Rajabu tunakaa misikitini tunasomewa Miraji, tunaambiwa majani yake kama masikio ya ndovu na matunda yake kama mitungi ya Hajar, watu wanalia, wanamsalia Mtume, kisha siku nyengine hao hao wanachukua msumeno wanakwenda nyuma ya msikiti.

Wa kwetu kwa hakika na ule wa Bara Arabu ni ndugu, si mti mmoja. Wa huko jani lake halina ule weupe nyuma, wataalamu wanauita Ziziphus spina-christi, na huu wetu wanauita Ziziphus mauritiana, asili yake upande wa Bara Hindi. Lakini jamii ni moja, povu lile lile, na masheikh wetu wa tokea zamani wameutumia huu huu na ndo sidri yetu, yaani mkunazi kwa Kiarabu.

Nilipouliza kwa nini ule wa nyuma ya msikiti umekatwa niliambiwa mambo matatu. Kwamba majani yanaziba mifereji ya bati, kwamba miba inatoboa tairi na wanataka pahala pa kuegesha gari siku ya Ijumaa, na la tatu mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, bi mkubwa ule mti wa maiti, si mzuri kukaa karibu na watu, una mashetani. Hili la tatu ndo lililoniuma. Mti wa maiti? Wanavyuoni wameeleza kwenye vitabu vyao kwamba mtu aliyefanyiwa uchawi achukuliwe majani 7 mabichi ya mkunazi, yapondwe baina ya mawe mawili, yatiwe maji, asomewe Ayatul Kursiyyu, anywe mafunda 3 na yaliyobaki akoge. Huo ndo mti tunaoukimbilia tukiingiwa na hayo mambo, leo tuuogope? Mie nimekaa chini yake miaka mingi, alfajiri na usiku wa manane, sijaona ila nyuki na ndege. Na kuogopa maiti pia sielewi, mwosha huoshwa, sote tutalazwa kwenye kitanda kile.

La tairi nalijibu hivi. Chini ya mti ule palikuwa na baraza ya mawe, wanakaa wazee, wanakaa watoto wa chuo wakisubiri mwalimu, wanakaa wauza ndizi na mikungu yao, hata punda wa gari wakifungwa pale mchana wa jua. Leo pana gari 4 siku ya Ijumaa, siku nyengine zote pana zege la moto hapakaliki.

Kuna hadithi kwenye Sunan ya Abu Dawud inayosema mwenye kukata mkunazi Allah atakielekeza kichwa chake motoni. Nilipoisikia mara ya mwanzo niliogopa sana kwa vile hata mie nishawahi kukata matawi, nikamuuliza sheikh mmoja ninaemuamini. Akaniambia wanavyuoni wameizungumza sana hadithi ile, na Abu Dawud mwenyewe alipoulizwa alieleza kwamba makusudio ni mkunazi wa jangwani ambao wasafiri na wanyama wanapata kivuli chake, mtu akaja akaukata kwa ubatili na dhulma bila ya haki aliyonayo kwenye mti huo. Kwa iyo sie hatumhukumu mtu, na mwenye mkunazi wake uwanjani ana haki zake, akiukata ajenge nyumba ya wanawe sina la kumwambia. Lakini ule wa msikitini ulikuwa wa nani? Wazee waliopanda hawapo, hawakuacha karatasi, waliacha kivuli na majani kwa kila atakaekufa mtaa ule. Nauliza kwa heshima, maana kwenye kamati ya msikiti mna wakwe zangu na watu walionizidi umri. Kivuli cha wapita njia na wanyama, si ndo ule ule?

Mhariri, juzi nilikwenda Mjini nikapita Mkunazini, jina tunalitaja kila siku tukipanda daladala wala hatufikiri, Mkunazini ni penye mkunazi. Nikaangalia kulia na kushoto njia yote niliyopita, sikuona mkunazi hata mmoja. Watalii wamejaa pale kwenye kanisa, pahala palipokuwa soko la watumwa mpaka Sayyid Barghash alipolifunga mwaka 1873, kisha Askofu Edward Steere akajenga kanisa lile. Ndani mna msalaba uliochongwa kwa mbao ya mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, yule msafiri wa Kizungu, kule kwa Chitambo, Zambia ya leo, nae alifariki mwaka huo huo 1873. Nilisimama nikawaza, wenzetu wamebeba kipande cha mti kutoka bara huko mpaka kisiwani kwa ajili ya moyo wa mtu mmoja na mpaka leo wanakitunza, na sie mti uliokosha mtaa mzima tumeumiminia zege.

Na Wakristo nao mkunazi wana habari nao. Lile jina spina-christi maana yake ni mwiba wa Kristo, mana wapo tokea zamani wanaosema lile taji la miba alilovishwa Nabii Isa, kama wao wanavyoamini, lilisukwa kwa matawi ya mti huo. Sie itikadi yetu juu ya hayo inajulikana na siingii huko, nasema tu kwamba mti huu unaheshimiwa na wengi. Nilipokuwa mdogo tulipanga nyumba Mjini na jirani yetu alikuwa bibi wa Kihindi, kunazi akiziita bor, akatuhadithia kwamba kwenye dini yao kuna ajuza mmoja masikini aliyekuwa akimsubiri Rama, ambae wao wanamuabudu, kila kunazi anaionja kwanza, kali anatupa, tamu anaweka, ili mgeni wake asile ila tamu tupu. Sie watoto tulikuwa tunamcheka, vipi unampa mgeni kilichong'atwa. Na Masingasinga kule Amritsar, India, wana mkunazi mkongwe ndani ya hekalu lao la dhahabu, unakaa pale penye maji na watu wanakoga karibu yake kutafuta shifaa. Hakuna anaeuita mti wa maiti.

Ninaloliomba si kubwa. Kila msikiti na kila makaburi, khasa haya makaburi mapya yanayofunguliwa nje ya mji, pawe na mkunazi mmoja, miwili ikiwezekana. Si mti wa kudekezwa. Unastahamili ukame, unaota hata kwenye ardhi ya mawe kama ya kusini na mashariki ya Unguja ambako mikarafuu haikubali, na ukikatwa juu shina likaachwa salama unachipua tena. Kokwa yake ni ngumu, ukiipanda vile vile utasubiri sana, bora uipasue taratibu kwa jiwe dogo utoe mbegu ya ndani bila kuiponda, uipande kwenye kopo refu au kiriba kirefu kwa sababu mzizi wake unakwenda chini haraka na ukiuchelewesha kuuhamisha unakufa. Ukishauhamisha uzungushie matawi, mbuzi wanaupenda mno. Ofisi za misitu zinapogawa miche ya masika na mkunazi nao uwemo, sio mivinje na miembe tu. Walimu wa skuli na vyuo wawaoneshe watoto jani lenyewe, mana yule kijana wa vespa ana miaka 23, anaswali, ana adabu, na usiku ule alipofika Tunguu ilibidi mwenye nyumba amuoneshe mkunazi ni upi.

Na kamati za misikiti, kabla hamjakata mti wowote wa waliotangulia, waulizeni wakosha maiti. Sie hatuitwi kwenye vikao, tunaitwa usiku tu watu wakishakufa.

Wakati hiyo miche inakua, miaka ipite, tutakuwa tunakufa vile vile. Kwa iyo wenye mikunazi majumbani mwao kuanzia Fuoni, Kijitoupele, Tomondo, Kwarara mpaka Mwera, ambao wataridhia tuje kuchuma hata usiku, nawaomba wamwambie imamu wa msikiti wao. Imamu aandike kwenye karatasi nyumba ilipo na aibandike ubaoni pale panapobandikwa nyakati za sala, tujue pa kugonga. Tutachuma jani jani, matawi hatutavunja.

Wabillahi taufiq,
Mkosha maiti,
Fuoni, Unguja